Nani Alisaga Valvu?

Gari lilifika likiburutwa kwa kamba. Vijana waliolivuta walijitupa chali chini ya mwembe wakihema, na mmoja akasema amewahi kubeba majeneza mepesi kuliko lile. Lilikuwa Land Cruiser pikapu, HJ75, la mfululizo wa 70 ambao Toyota ilianza kuutoa mwaka 1984, lenye injini ya dizeli ya 2H, silinda sita. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya bohari moja hapa Kasongo miaka mingi, hata mpapai ukaota kwenye bodi ya nyuma na kuzaa. Fundi aliukata mpapai siku ileile. Gari lenyewe hakuligusa.

Alikuwa amelinunua kama mzoga, kwa nia ya kulifufua na kuliuza. Kazi ya namna hiyo ina vipindi vyake vya televisheni, na kwa kuwa ukumbi wa video wa karibu na soko una dishi na jenereta, vijana wanaojifunza kwa Fundi wanavijua vipindi hivyo kuliko wanavyoijua katekisimu. Wanachokipenda zaidi ni cha Waingereza, Wheeler Dealers, ambacho wao hukitazama kwa Kifaransa kwa jina la Occasions à saisir. Jina hilo limewakaa, maana kwetu Kongo kitu kilichokwisha kutumika, kiwe shati au mutuka, kinaitwa okazi. Mike Brewer ananunua okazi, analipeleka gereji. Edd China, mtu mrefu ajabu mwenye glavu za mpira za rangi ya chungwa, analitengeneza. Brewer analiuza, hesabu inatokea kwenye skrini, wimbo unapigwa.

Fundi hajawahi kuingia ukumbini humo. Mimi nimeingia mara nyingi, na ndiyo sababu nilivuta kibao nikakaa chini ya mwembe wake: nilitaka kuona kilicho katikati ya kununua na kuuza.

Siku tatu za kwanza hakuifungua injini. Alilizunguka tu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakipangusa kwenye kiganja na kutuonyesha: oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakuta utando wa mafuta ukielea juu. Maji na oili, kila kimoja kilikuwa kimekwenda kwa mwenzake, na mahali vinapoweza kukutana ni pamoja tu, pale kichwa cha injini kinapolalia bloku. Kichwa hicho mafundi wa hapa, kwa kufuata Kifaransa, hukiita kulasi. Kisha alichomoa plagi za joto moja baada ya nyingine, na katika kila tundu akamimina dizeli kidogo iliyochanganywa na oili. Akayaziba matundu kwa vitambaa, akaenda zake kutengeneza pikipiki ya mtu.

Siku ya nne alishika nati kubwa ya mbele ya krankishafti kwa spana iliyovishwa bomba refu. Hakuizungusha. Aliiegemea kwa bega, akaachia. Akaegemea upande wa pili, akaachia. Mpita njia angedhani anabembeleza mtoto. Ningekuwa mimi ningelirukia bomba lile kwa miguu miwili na kuvunja ringi ndani ya silinda. Ilipita karibu nusu saa ndipo tukasikia mguno mdogo ndani ya chuma, na bomba likashuka upana wa kidole.

“Imeitika,” alisema, akaweka spana chini. Kazi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Kushusha injini ni msemo wa mafundi, ingawa injini huanza kwa kupandishwa. Chini ya mwembe huu hupandishwa kwa mnyororo na kapi vilivyofungwa kwenye tawi moja nene, na tawi hilo lina mfereji uliochimbwa na mnyororo mwaka hadi mwaka. Miembe ya Kasongo ina ukoo. Watu wa pwani walioifanya Kasongo makao yao makuu zama za Tippu Tip, kabla majeshi ya Mbelgiji Dhanis hayajaiteka Aprili 1893, walipita wakipanda miembe kandokando ya njia za pembe na watumwa. Walituachia miembe, wakatuachia Kiswahili, na ndani ya Kiswahili hicho mlikuwa na neno fundi.

Kabla ya kupandisha, alifungua. Boliti za kichwa alizichomeka moja moja kwenye kipande cha boksi alichokitoboa kwa mpangilio uleule wa kichwa chenyewe. Fito zinazosukuma valvu, kumi na mbili, zilipata boksi lao lenye namba. Nilimuuliza kwa nini kujisumbua, maana zinafanana kama njiti za kiberiti.

“Zinafanana kwako, mwalimu,” alisema. “Kila moja imelika pamoja na roka yake. Ukizichanganya, umevunja ndoa kumi na mbili kwa siku moja.”

Kichwa cha 2H ni cha chuma cha kumimina, kizito. Watu wawili walikibeba mpaka kwenye meza ya mbao, wakakigeuza uso juu. Kilisafishwa kwa dizeli na brashi, na masizi magumu ya vyumba vya mwako yakakwanguliwa kwa kijiti cha mninga, kwa sababu kijiti hakiachi mkwaruzo. Kisha Fundi alileta rula yake. Ni kipande cha chuma kilichonyooka kabisa, na hukilaza ndani ya mpira wa baiskeli uliopakwa grisi, hakikai na zana nyingine. Aliisimamisha kwa ukingo juu ya uso wa kichwa, akachutama, akafumba jicho moja, akatazama mwanga unapita wapi. Akajaribu vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kati ya silinda ya tatu na ya nne kibamba cha milimita 0.20 kilipita bila kusita. Injini ilikuwa imechemka siku moja zamani, dereva akaendelea kuiendesha, na chuma kikapinda kwa unene wa karatasi mbili tatu.

Penye mashine ya kuparaza, upindo huo ni kazi ya saa moja. Kasongo unaondolewa kwa masizi.

Alikusanya masizi ya koroboi kwenye kibati, akayakoroga na oili mpaka yakawa laini kama wanja. Akayapaka, kwa ncha ya kidole, juu ya bamba nene la chuma ambalo ubapa wake anauamini. Akalilaza bamba juu ya uso wa kichwa, akalisogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, akaliinua. Palipoinuka pakabaki na doa jeusi, palipobonyea pakabaki pakavu. Madoa yalikuwa manne, mawili kila mwisho. Ndipo alipochukua kikwangulio alichokitengeneza mwenyewe kwa tupa iliyochakaa, makali yake yamenolewa juu ya jiwe, akayakwangua madoa yale manne, basi. Unga wa kijivu ukadondoka, mchache kuliko chumvi ya kula yai. Akapangusa. Akapaka tena, akalaza, akainua. Madoa sasa saba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba madoa kuongezeka ndiyo dalili njema. Uso uliopinda hugusa mahali pachache. Uso ulionyooka hugusa kila mahali. Kila mzunguko ulileta madoa zaidi na madogo zaidi, yakitambaa kutoka miisho kuelekea katikati. Nilihesabu mizunguko thelathini siku ya kwanza nikaacha. Yeye hakuhesabu. Alikuwa akibadilisha upande wa kukwangua kila baada ya mizunguko michache, mara kushoto kwenda kulia, mara kwa mshazari, ili mikwaruzo isichimbe mfereji. Mchana, jua lilipoupasha moto uso wa chuma, aliacha kabisa, akakifunika kichwa kwa gunia mpaka saa kumi, kwa sababu chuma chenye joto upande mmoja huudanganya mkono. Kazi hiyo ilimchukua siku nne na nusu. Mwisho uso wote ulikuwa na madoadoa kama manyoya ya kanga, na kibamba cha milimita 0.05 kikagoma kupita popote chini ya rula.

Jambo kama hilo halionekani televisheni, na si kwa sababu ya hila. Nani atazame mtu akikwangua kwa siku nne na nusu? Lakini nimevitazama vipindi hivi kwa miaka, na naona jinsi vilivyosogea. Wheeler Dealers kilipoanza mwaka 2003, gereji ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Edd China alifungua kitu mbele yako, akakueleza kazi yake, akaonyesha kilipolika, akakirudisha. Kijana wa Kasongo aliweza kujifunza kitu humo hata kama Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Upande wa Marekani upepo ulivuma kwingine. Mwaka 2004 zilianza Overhaulin' na Pimp My Ride, ambamo utamu wote ni mwenye gari kupiga kelele na kulia kitambaa kinapovutwa. Mwaka 2012 ikaja Fast N' Loud ya Richard Rawlings, kutoka gereji ya Gas Monkey mjini Dallas. Humo mna mnada, tarehe ya mwisho, ugomvi wa mafundi na fedha taslimu. Injini ni jukwaa tu la maneno hayo.

Wheeler Dealers chenyewe kilihamia California, na Machi 2017 Edd China akatangaza kwamba anaondoka. Sababu aliyoitoa ni kwamba wenye kipindi walitaka kupunguza sehemu za gereji, maana ndizo ngumu kuliko zote kuzipiga picha. Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, baadaye Marc Priestley aliyewahi kuwa fundi wa McLaren katika Formula 1, wote watu wanaojua kazi. Lakini niliposoma habari ile nilisikia uchungu usiolingana na kipindi cha televisheni.

Hata katika miaka yake mizuri, kipindi kile kilikuwa na kasoro moja katika hesabu. Bei ya kununua iliandikwa, vipuri vikaandikwa, bei ya kuuza ikaandikwa, tofauti ikaitwa faida. Saa za Edd China hazikuhesabiwa. Watazamaji wa Ulaya walilifanyia jambo hilo mzaha, wakijua kwamba gereji ya kawaida ingetoza saa zile mpaka faida yote iyeyuke. Kwao saa ya fundi ndiyo ghali na kipuri ni rahisi, kwa hiyo kitu kikilegea hutupwa na kipya hufika kwenye boksi. Huku kwetu kipuri husafiri wiki mbili juu ya pikipiki, na saa za Fundi zipo tele. Ufundi wetu umeota kwenye tofauti hiyo. Tunakwangua, tunasaga, tunanyoosha, kwa sababu mkono ndicho kitu pekee kisichoagizwa kutoka mbali.

Baada ya kichwa kukaa sawa, zikafuata valvu, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, maana ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote.

Valvu ni kama uyoga wa chuma: shina refu, kofia bapa. Ukingo wa kofia hukalia kiti chake kichwani, na pale panapogusana ndipo mgandamizo wote wa dizeli unapozuiwa. Valvu kumi na mbili, viti kumi na viwili, na kila kimoja kilikuwa kimeliwa vidonda vidogo kama meno ya mtoto mpenda miwa. Fundi alipaka ukingo wa valvu unga wa kusagia, uliokorogwa na mafuta, akaishusha kwenye kiti chake. Kwenye kofia akabandika kijiti kilichovishwa ncha ya mpira wa tairi la ndani, kinachonyonya kikishalowanishwa. Kisha akakiweka kijiti kati ya viganja viwili na kukipekecha.

Nasema kupekecha kwa makusudi. Ni mwendo uleule wa mababu wakiwasha moto kwa vijiti: viganja vinasugua mbele na nyuma, kijiti kinazunguka huku na huku. Baada ya kila mapigo kumi hivi aliinyanyua valvu kidogo, akaigeuza robo, akaishusha, akaendelea, ili mchanga wa unga usikate mduara mmoja ukawa mfereji. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimwongoza. Mwanzo ni ya kukwaruza, kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Inalainika polepole mpaka ikawa mnong'ono, na hapo alijua unga umechoka, akapangusa, akapaka mpya ulio laini zaidi. Alipomaliza ya kwanza, ukingo wake ulikuwa na pete ya kijivu isiyong'aa, upana mmoja kuzunguka kote, bila pengo. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Zilibaki kumi na moja.

Alikuwa kwenye ya saba wanafunzi wake waliporudi kutoka ukumbini, wakisimulia kwa pupa. Gari zima, Papa, injini imeshushwa, imepandishwa, imewaka, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la simu!

Viganja havikusimama. “Na valvu alisaga nani?”

Walitazamana. “Hawakuonyesha, Papa. Walikata.”

“Walikata nini?”

“Hiyo kazi.”

Akanyanyua valvu, akaigeuza robo, akaishusha. Baadaye alimpa kijiti yule mdogo wao, akamwachia valvu ya nane, akasimama nyuma yake akisikiliza bila kutazama.

Zote kumi na mbili zilipokaa na springi zake, alikigeuza kichwa vyumba vikiwa juu, akavijaza mafuta ya taa, vyote sita, mpaka karibu na ukingo. Kama kuna pengo hata la unywele, mafuta yatapenya na kutokea kwenye njia za hewa. Akaviacha vimejaa usiku kucha. Asubuhi tulimkuta amechutama akipitisha kidole kwenye kila njia. Kidole kilitoka kikavu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili, ile ya nane aliyoisaga mwanafunzi, ilikuwa na unyevu kidogo. Hakusema neno. Alifungua springi, akamkabidhi kijana kijiti.

Silinda sitazisimulia kirefu. Zilikuwa nzima kuliko alivyotarajia. Alizikwaruza kwa msasa kwa mshazari, kushoto kupanda na kulia kupanda, mpaka mikwaruzo ikapishana kama ukili wa mkeka, ili oili ipate pa kushika. Ringi mpya alizishusha moja moja ndani ya silinda, akazisawazisha kwa kuzisukuma na pistoni, akapima pengo la miisho yake, akapiga tupa pale pengo lilipokuwa dogo. Washa za shaba za nozeli hakununua. Alizipasha moto kwenye makaa mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini, na shaba iliyokuwa ngumu ikawa laini tena, tayari kubanwa upya. Gasketi za vifuniko alizikata kwa karatasi nene bila mkasi: aliilaza karatasi juu ya kifuniko na kugonga pembeni kwa upande wa mviringo wa nyundo, tap tap tap, mpaka ukingo wa chuma wenyewe ukaikata.

Gasketi ya kichwa ndiyo isiyotengenezeka hapa. Hiyo ilitoka Uvira, kupitia Fizi na Kabambare, mgongoni mwa mwendesha pikipiki aliyeifunga kwenye ubao ili isipinde. Njia ile mvua ikinyesha ni udongo mwekundu unaomeza magurudumu, na kuvuka Luama ni shughuli nyingine. Tulingoja siku kumi na sita.

Kungoja hakukuwa kukaa. Fuawe ya Fundi ni kipande cha reli cha urefu wa mkono, kilichotoka kwenye njia ya Kindu–Kongolo inayopita Samba, ng'ambo ya Lualaba, njia iliyofunguliwa mwishoni mwa 1910. Juu ya reli hiyo alinyoosha mabati aliyoyakata kwenye pipa la mafuta la lita 200, kwa ajili ya sakafu na sehemu za chini za milango zilizokuwa zimeliwa na kutu. Alilikunja bati kwa nyundo ndogo ndogo, akilijaribisha mlangoni kila baada ya mapigo machache, mpaka mpindo wa pipa ukasahau kwamba uliwahi kuwa pipa. Kuchomelea bati jembamba kunahitaji subira ya pekee: ukikaza mkono linatoboka, ukipitiliza linajipinda kama jani kavu. Alitia doa hapa, akahamia mbali akatia jingine, akasubiri vipoe, akarudi katikati. Bushi za springi zilichongwa kwa mpira wa tairi la lori. Breki, taa na waya vilipita kama mambo ya kawaida yanavyopita, kwa matusi machache.

Gasketi ilipofika aliinusa kwanza, kama mtu anunuaye samaki. Akailaza. Kichwa kikashuka taratibu kwenye mnyororo, vijana wawili wakikiongoza. Sasa boliti. Fundi hana spana ya kupimia nguvu. Ana bomba la urefu wa mita moja, na ana mizani ya springi, ile ya ndoano wanayopimia samaki sokoni. Aliivisha spana bomba, akaning'iniza mizani kwenye ncha yake, akavuta kwa mizani mpaka mshale ukafika kwenye alama aliyoikwaruza kwa msumari. Nguvu kwa urefu: ndiyo kanuni yenyewe iliyomo ndani ya spana za dukani, ila hapa unaiona. Alianza na boliti za katikati, akatoka nje kwa kuzunguka kama konokono, mara ya kwanza kwa alama ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu. Mizunguko mitatu. Hakuzungumza na mtu.

Siku ya kuwasha walikuja watu wengi kuliko siku ya kuvuta. Betri iliazimwa. Alitoa hewa kwenye njia ya dizeli kwa pampu ndogo ya mkono, akalegeza nati za mabomba ya nozeli, akaamuru starta ipigwe, akatazama povu likigeuka kuwa dizeli safi, akakaza. Alipiga kwa kidole juu ya bawa la gari mpangilio wa silinda za injini hiyo zinavyowaka, akimfundisha mwanafunzi mdogo: moja, nne, mbili, sita, tatu, tano. Kisha akatoa ishara.

Iliwaka na kuchechemea. Watu wakashangilia, Fundi akakunja uso. Alilegeza nati ya bomba la silinda ya kwanza, mlio ukabadilika, akakaza. Ya pili, ukabadilika. Alipofika ya tano mlio ulibaki vilevile, na hapo ndipo palipokuwa pamelala. Akazima, akachomoa nozeli, akaizibua kwa uzi wa shaba, akairudisha. Mara ya pili injini ilikaa sawa, nzito, bila haraka, na majani ya mwembe juu ya bomba la moshi yakaanza kutikisika kwa pamoja. Ikiwa bado ina moto alifungua kifuniko cha juu akarekebisha nafasi za valvu, milimita 0.20 za kuingiza hewa na 0.36 za kutoa moshi, akivuta kibamba kati ya vidole viwili mpaka kipite kwa kubanwa kidogo, kama barua inayochomolewa chini ya kitabu.

Ndugu wakubwa wa Land Cruiser hili, wa mfululizo wa 40 uliotengenezwa kuanzia 1960, wakifufuliwa Marekani wamewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000, na wengi wao hawatakanyaga tope tena. Hili la Fundi lilinunuliwa na mfanyabiashara apelekaye chumvi, sabuni na abiria Kabambare. Walikaa kwenye kibao changu na daftari la shule katikati yao. Vipuri viliandikwa ukurasa mzima: ringi, gasketi, nauli ya pikipiki, betri, dizeli, kabidi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja, mikono, na nambari yake. Mfanyabiashara aliyasoma yote akitikisa kichwa kwa heshima, kisha akaweka kidole kwenye mstari ule ule wa mwisho, akaanza kupunguza hapo. Walivutana mpaka magharibi. Mikono ilipungua, ingawa haikufutwa.

“Nenda Kabambare, rudi,” Fundi alimwambia dereva siku ya kuondoka, akimshika bega. “Hata likienda vizuri. Hasa likienda vizuri.”

Lilirudi baada ya siku tisa, jekundu kwa udongo mpaka kwenye kioo, likiwa na kuku wawili wamefungwa pembeni. Dereva aliruka chini akicheka, akaanza kusimulia vilima na madaraja. Fundi alikwisha kufungua boneti. Alipitisha kiganja kandokando ya kichwa, kwenye mshono wote kutoka mbele hadi nyuma, akakitazama kiganja kwenye mwanga, akakipitisha tena. Kilikuwa kikavu. Dereva akauliza kama anaweza kupakia jioni ileile.

“Kesho,” Fundi alisema, akaenda kutafuta bomba na mizani. “Boliti zinakazwa likiwa baridi.”